Kiti cha Pili

Kinyozi alipokabidhi ufunguo wa chumba chake cha biashara, mkewe alikuwa ameshakikataa kile cheo tangu wiki iliyopita. Yeye hakujua, na mtaa mzima haukujua. Aliyejua ni Mganga Mkuu peke yake, na Mganga Mkuu si mtu wa maneno mengi.

Basi kinyozi akaukabidhi kwa mbwembwe. Aliufuta kwanza kwa shuka lake la kunyolea, akauinua juu kidogo ili waliokaa kwenye benchi wauone vizuri, kisha akauweka kwenye kiganja cha kinyozi mwenzake wa mtaa wa pili, kijana mpole ambaye kitu cha kwanza alichokileta pale, kabla ya mashine wala chanuo, kilikuwa televisheni. Watu walishambatiza jina la Bwana Runinga kabla hajanyoa hata kichwa kimoja.

"Kiti hiki kinazunguka vizuri, ila usikizungushe kwa fujo, kina wivu," kinyozi alimwambia. "Na kioo usikifute kwa maji matupu, kitabaki na ukungu. Tia spiriti kidogo."

"Sawa, kaka."

"Halafu huyu hapa," akamwonyesha mtu mnene aliyekuwa anasubiri zamu yake, "ni karani wa mahakama. Kichwa chake kina bonde huku nyuma. Ukipitisha mashine moja kwa moja utamwachia kichaka."

Benchi zima likacheka. Karani naye akacheka, maana bonde lake lilikuwa limeshazoea kutajwa hadharani kila wiki.

Watu walimwita kinyozi huyu Bwana Inamisha, kwa sababu ya neno lake. Kila aliyekaa kwenye kile kiti, awe mbeba mizigo au mkurugenzi mwenye dereva, aliambiwa neno lilelile, bila tafadhali wala mheshimiwa: "Inamisha kichwa." Na kila kichwa kiliinama. Alilipenda jambo hilo kuliko alivyowahi kukiri mbele ya mtu.

"Kwa hiyo ndiyo basi tena," karani alisema. "Mume wa Mkuu wa Wauguzi hanyoi."

"Atamnyoa nani? Nyumba ya kule ina geti, na geti lina mlinzi. Ukitaka kuingia na kichwa chako lazima uandikwe kwanza."

"Na wewe humo ndani ya geti utakuwa unafanya nini?"

"Nitakuwa nasimamia mambo."

"Mambo gani?"

"We karani nawe, kesi zako ukaziulizie mahakamani," kinyozi alijibu, na benchi likacheka tena, na swali likapita bila kupata jibu.

Habari zile alizitangaza mwenyewe, papo hapo, akiwa ameshika mashine. Ndivyo kazi yake ilivyo: kinywa hakiwezi kukaa kimya wakati mikono inazunguka kichwa cha mtu. Mkewe, mkunga wa wodi ya wazazi, alipoambiwa kwamba ameteuliwa kuwa Mkuu wa Wauguzi kule makao makuu, nyumba ya serikali juu, gari juu, yeye alimwambia mumewe tu. Kufika jioni ya siku ya pili, wanawake wajawazito walikuwa wanampongeza kliniki.

Na uamuzi wa kuacha kazi haukuwa wa kinyozi peke yake. Shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe, tajiri wa saruji, alimweka kando siku moja akamwambia kwa sauti ya kumhurumia, "Shemeji, kule huwezi kufungua kibanda. Utawanyoa madereva wa mkeo?" Kinyozi alilala na sentensi hiyo, akaamka nayo, na mwishowe akaiona kama ni akili yake mwenyewe.

Alipotoka pale hakugeuka nyuma. Ila njia nzima mkono wake wa kulia ulikuwa unaingia mfukoni kutafuta ufunguo, unaukosa, unatoka, unaingia tena. Na shuka la kunyolea alikuwa amelisahau begani.

*

Nyumbani, mama mkwe wake alikuwa juu ya stuli akishusha pazia la mwisho. Mama huyu aliishi nao tangu alipofiwa na mumewe, na tangu habari za cheo ziingie ndani alikuwa amepata nguvu mpya za magoti. Vyombo vya kabatini alishavifunga kwenye magazeti na kuvipanga katika masanduku. Mapazia alikuwa akiwagawia majirani, mmoja mmoja, kila pazia na maelezo yake.

"Madirisha ya kule ni marefu," alimwambia mkwewe. "Haya yangeonekana kama leso. Umekabidhi?"

"Nimekabidhi, mama."

"Mungu mkubwa. Sasa na wewe upumzike. Tangu nikujue mikono yako imejaa nywele za watu."

Kinyozi akaitazama mikono yake. Hakuona kitu kibaya, lakini aliikunja.

Binti yao alirudi shule na kadi kubwa ya kuchorwa kwa mkono. Darasa zima lilikuwa limetia majina yao, na rafiki yake mmoja alikuwa amechora gari, na ndani ya gari kichwa kimoja chenye mabawa mawili ya nywele, ndiye yeye. "Nimeshaaga," alisema. "Mwalimu kasema nisiwasahau." Akaiegemeza kadi kwenye dirisha tupu, ambako wapita njia sasa waliweza kuona mpaka ukuta wa nyuma.

Mkunga aliingia jua likizama, viatu mkononi, kama kawaida yake anapotoka zamu ya mchana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mkubwa."

Hakucheka. Alilitazama dirisha, akaitazama kadi, akayatazama masanduku. Kisha akamwona mumewe amekaa katikati ya vitu hivyo vyote na shuka begani, uso umechangamka.

"Leo nimefunga kazi, Sista," kinyozi alisema. Hata nyumbani alimwita hivyo, kwa utani uliokuwa umeshageuka kuwa mapenzi. "Chumba, kiti, kioo, vyote kwa Bwana Runinga. Kalipa palepale. Nimebaki na shuka tu, na lenyewe ni kwa kusahau."

Mkunga akakaa polepole. "Umeuza kiti?"

"Kiti na benchi lake."

"Si ulisema mwisho wa mwezi?"

"Kijana ana haraka. Na kaka yako kasema nisionekane nasitasita."

"Njoo chumbani kidogo, baba."

"Sema hapahapa. Hapa nani mgeni?"

"Njoo kidogo."

"Sema bwana, Sista. Leo ni siku ya furaha, hakuna cha kufichana."

Laiti angeinuka. Hatua chache tu mpaka mlangoni zingempunguzia aibu ya mwaka mzima. Lakini alikuwa amejaa furaha ya kutazamwa, na mtu wa namna hiyo hainuki.

"Nimekataa," mkunga alisema.

"Umekataa nini?"

"Cheo. Nilimwambia Mganga Mkuu wiki iliyopita. Nimeomba nibaki leba."

Mama alishuka kwenye stuli, mguu mmoja, halafu wa pili, pazia limekumbatiwa kifuani. Binti ndiye aliyeuliza, "Kwa hiyo tunabaki?" Akaenda dirishani, akaichukua kadi yake, akaigeuza ili ule upande wenye majina usionekane.

*

Chumbani kinyozi alisimama, kwa sababu kitandani kulikuwa na nguo zilizokunjwa kwa ajili ya safari.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kila jioni nilikuwa narudi nimeazimia. Nakukuta unacheka na mama, mnapanga kochi likae wapi. Nikawa nasubiri siku nitakayokukuta huna furaha. Haikuja."

"Ukaniacha niuze kiti."

"Sikujua utauza leo."

"Na ningeuza kesho?"

Mkunga akachukua nguo moja ya safari, akaikunjua, akaikunja upya. Alikuwa amemkosea, na alijua.

"Kuna nini katika hiyo ofisi kinachokutisha?" kinyozi aliuliza.

"Hakinitishi kitu. Umesahau nilivyokaimu ukuu wa wauguzi hapa hospitalini kwetu, mkubwa wetu alipougua? Msimu mzima wa mvua nilikalia kile kiti. Niligawa mafuta ya magari, nilisuluhisha ugomvi wa zamu, nilikaa vikao vya kuchagua rangi ya ukuta. Nasikia mtu analia leba, upande wa pili tu, na mimi nimeshika kalamu. Narudi nyumbani sijamgusa mtu siku nzima. Kuna watu wanaoiweza kazi ile na wanaipenda, na inahitaji watu. Lakini mimi ilikuwa inanizeesha."

"Kila mtu anazeeka kazini kwake."

"Wewe ulikuwa huzeeki," mkewe alisema taratibu. "Kwenye kile kiti chako."

Hilo ndilo lililomchoma. Angemtukana ingekuwa afadhali.

"Wewe umejichagulia kazi unayoipenda," kinyozi alisema. "Mimi umenichagulia nini?"

"Hukuniuliza kama nataka kwenda. Hata siku moja. Ulikwenda dukani kwako ukatangaza."

"Nani angeuliza? Mtu akiambiwa amekuwa mkubwa, anaulizwa kama anataka?"

Lile lilikuwa swali la kweli, na hakuna mtu pale ndani, wala pale mtaani, aliyewahi kulisikia likiulizwa.

*

Jumapili kaka mtu akaja. Gari lake lilisimama mbele ya dirisha, na watoto wa mtaa walipoona dirisha halina pazia, wakasogea kutazama kikao kama wanatazama mpira. Mama akatafuta kitu cha kuziba. Mapazia yote yalikuwa yameshahama. Alichokipata ni shuka la kunyolea, akalitundika kwa misumari miwili, na vipande vya nywele za watu vikadondoka polepole kwenye sakafu aliyokuwa ameideki asubuhi.

Tajiri wa saruji alikaa kwenye kochi akalijaza lote. Mkunga alikaa kitini. Kinyozi alipata ile stuli.

"Ada yako ya uuguzi niliitoa mimi," kaka alianza.

"Uliitoa, kaka. Na nakushukuru mpaka leo."

"Sikuitoa ili uendelee kushika vitovu vya watoto wa watu mpaka ustaafu. Kila mteja anayeingia dukani kwangu namwambia, dada yangu sasa ni Mkuu wa Wauguzi. Juzi mmoja kanunua mifuko zaidi kwa ajili hiyo tu. Leo nimwambie nini? Kwamba dada kaona ukubwa ni mzito?"

"Mwambie ulinisomesha niwe mkunga, na nimekuwa."

"Usinijibu hivyo. Mtu anakwenda mbele."

"Mbele ni wapi, kaka?"

"Mbele kunajulikana," kaka alisema kwa hasira, maana hakuwa amewahi kutakiwa aonyeshe.

Mama naye akasogea. Sauti yake ilikuwa ya kuvunjika, na hiyo ilimuumiza mkunga kuliko maneno yote ya kaka yake. "Mwanangu, mimi maisha yangu yote nimekuwa mama wa watu wanaohangaika. Safari hii nilitaka nizeeke nikiwa mama wa mtu. Ni dhambi?"

"Si dhambi, mama."

"Basi unaninyima kwa nini?"

Mkunga alifuta macho kwa kiganja. Hakuna aliyempa leso.

"Sikilizeni," kaka alisema, sasa kwa upole wa mfanyabiashara anayekaribia bei. "Mganga Mkuu namfahamu, ukuta wa nyumba yake ni saruji yangu. Nimekwenda kumwona. Neno lako hajalipeleka juu. Anakusubiri mpaka kesho asubuhi. Ukienda ukamwambia ulighafilika, yamekwisha."

Mkunga akamgeukia mumewe. "Nimemkosea huyu. Kazi yake imekwenda kwa sababu yangu. Akisema niende, nitakwenda."

Kinyozi alikuwa ameishi katika ukoo ule miaka mingi, na kaka mtu hakuwahi kumuuliza kitu zaidi ya kama ule mkato wa panki bado unampendeza. Sasa wote walikuwa wanasubiri kinywa chake.

"Shemeji," kaka alisema. "Umesikia. Wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii. Neno moja tu."

Na neno lilikuwepo, tena lilikuwa fupi. Nenda. Likitoka, Jumamosi angepita mbele ya lile benchi amevaa shati la kupigwa pasi, na karani angempungia mkono. Lisipotoka, angekuwa kinyozi asiye na kiti, mume wa mwanamke aliyekataa bahati, na hadithi yake ingesimuliwa juu ya kiti chake mwenyewe, mbele ya kioo chake mwenyewe. Alilihisi lile neno limefika ulimini. Alimtazama mkewe, na mkewe hakuwa anamwomba chochote. Alikuwa amekaa tu kama mtu anayesubiri kuambiwa alipe kiasi gani.

"Nitafikiri," kinyozi alisema.

Kaka mtu alicheka. "Utafikiri? Huna kazi, mkeo anapewa nyumba na gari, halafu wewe unafikiri?" Akainuka, akavuta suruali yake juu. "Haya, fikirini. Mimi nywele zangu nitakwenda kunyoa kwingine." Kisha akakumbuka. "Na hata hivyo sasa huna pa kuninyolea."

Alicheka peke yake mpaka kwenye gari.

*

Jumatatu kinyozi aliamka saa ileile aliyozoea kuamka, kisha hakuwa na pa kwenda. Alifagia uwanja. Alipomaliza akaufagia tena. Jirani akamsalimia kutoka dirishani, na dirisha hilo lilikuwa na lile pazia la maua lililokuwa la chumbani kwake mwenyewe.

Aliporudi ndani alimkuta mkewe amevaa suti ya bluu, ile aliyoishona wakati akikaimu. Gauni jeupe la wodi lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango.

"Unakwenda wapi na suti?"

"Kwa Mganga Mkuu. Namwambia nimebadili nia."

"Mimi sijasema kitu."

"Ndiyo maana. Umenyamaza tangu jana, na wewe si mtu wa kunyamaza. Nimekuelewa."

"Hujanielewa." Alizisukuma pembeni nguo za safari, akakaa kitandani. Ilimchukua muda, na mkewe akangoja kama anavyowangoja wanawake wa leba, bila kuharakisha. "Siku ile, uliposema umekataa. Unajua moyo wangu ulifanya nini kwanza?"

"Ulikasirika."

"Hapana. Kwanza ulifurahi. Halafu nikakumbuka kiti kimeuzwa, ndipo nikakasirika. Sista, mimi sikutaka kwenda. Njia nzima kutoka dukani mkono ulikuwa unatafuta ufunguo. Sikutaka kwenda hata kidogo. Nilitaka nionekane nataka."

Mkunga alisimama na kifungo kimoja cha koti mkononi. "Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Kinyozi amemzuia mkewe ukubwa. Wangenisema mpaka kaburini."

"Watakusema sasa."

"Watanisema. Hilo ndilo linaloniogopesha. Nyumba siiogopi kuikosa, wala gari. Naliogopa lile benchi."

Mkunga akakaa karibu naye. Suti ilikuwa imembana mabegani, alikuwa amenenepa kidogo tangu ile mvua.

"Hasira zimekwisha?" aliuliza.

"Bado. Ungeniambia."

"Ningekuambia."

"Zitakaa kaa kidogo, hizi hasira. Lakini vaa gauni lako. Utachelewa zamu."

Alivaa. Alipopita sebuleni mama yake alikuwa amekaa kati ya masanduku, anakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa ya chai kwa kuwa hakutaka kufungua hata kikombe kimoja. Aliona gauni jeupe, akaelewa. Hakugomba. Alisema tu, "Mwambie kaka yako aje anichukue. Nitakaa kwake kidogo."

"Mama, hapa ni kwako."

"Ni kwangu. Lakini siwezi kupita kwenye madirisha ya watu nikitazama mapazia yangu."

Akaondoka jioni ileile na sanduku moja. Mkunga alimsindikiza mpaka mlango wa gari, na kaka yake hakushusha kioo.

*

Kesho yake kinyozi alilitoa shuka dirishani, akalikung'uta, akalikunja, akaenda nalo kwenye chumba kilichokuwa chake. Alimkuta Bwana Runinga anafuta kioo kwa spiriti.

"Nimekuja kuomba nafasi," alisema. Alikuwa amepanga mzaha wa kuanzia, ukampotea. "Ya kiti cha pili."

Kiti cha pili kilikuwa cha plastiki, karibu na mlango, cha kumkalisha mtu asubiri. Hakikuzunguka. Bwana Runinga alikitazama, akamtazama mkubwa wake wa kazi, na akaona haya kwa niaba yake.

"Kaka, ukipenda nikupishe hiki. Mimi nitanyolea kile."

"Hicho nilikuuzia. Fanya kazi."

Upole ule ulimuumiza kuliko matusi. Wakakubaliana mgawanyo: katika kila kichwa, nusu ya chumba, nusu yake. Yeye aliyewahi kumlipa mtu nusu sasa akawa mtu wa kulipwa nusu.

Siku za mwanzo hakugusa vichwa vingi. Watu waliingia, wakamwona, wakasalimia kwa haraka iliyopita kiasi, kisha wakaelekea kwenye kiti kinachozunguka na kukaza macho kwenye televisheni. Alifagia nywele ambazo hakuzinyoa. Alinyoa watoto wawili wa shule, na mzee mmoja asiyeona vizuri aliyedhani bado chumba ni chake. Hakuna aliyemuuliza kitu. Kunong'ona walinong'ona nje, mlangoni, halafu wakaingia wamenyamaza, na kinyozi aliyekuwa anajua habari za mtaa kabla ya wenyewe sasa habari ilikuwa yeye. Jioni alirudi nyumbani akamkuta mkewe ameloweka miguu kwenye beseni. Mke akamsimulia juu ya mtoto aliyezaliwa amekunja ngumi, "katoka anatafuta wa kugombana naye," na kinyozi akacheka. Kisha wakakumbuka kwamba bado wamekasirikiana, wakala kimya.

Jumamosi benchi lilijaa. Karani wa mahakama alikuja na gazeti lake, akasimama katikati ya chumba. Kiti kinachozunguka kilikuwa wazi. Bwana Runinga alikipangusa na kusema, "Karibu, mzee." Karani alipapasa kisogo chake, ambako wiki iliyopita kulikuwa kumeachwa kichaka kizima bondeni. Halafu akaenda kukaa kwenye kile cha plastiki, kikalia kwa uzito wake.

Kinyozi alilikunjua shuka, akamfunga shingoni. Kwanza akampitishia chanuo, polepole.

"Enhe," karani alisema. Na alipolisema tu, mtu mmoja kwenye benchi akaipunguza sauti ya televisheni. "Tuliambiwa umehama."

"Sijahama."

"Na Sista?"

"Yuko leba. Zamu ya mchana."

"Kwa hiyo kile cheo walimnyang'anya?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Angesema ndiyo, wamempa mtu wao, unajua mambo ya wakubwa. Benchi lote lingesikitika pamoja naye, wangemwita mwenzao aliyedhulumiwa, na kufika jioni mtaa mzima ungekuwa upande wake. Alimwona Bwana Runinga kwenye kioo, mkono wenye kitambaa umesimama hewani. Alijiona na yeye, pembeni kabisa mwa kile kioo, nusu ya uso tu, maana kiti cha pili hakikuelekezwa kwenye kioo.

"Hakunyang'anywa," alisema. "Alikikataa."

"Kakataa ukubwa?"

"Kakataa."

"Kwa nini?"

"Anapenda kuzalisha."

Mtu mmoja akaguna. Mwingine akacheka, kisha akaona hakuna aliyemfuata, akaacha.

"Na wewe ukamwachia?" Karani alikuwa amegeuza shingo, anamtazama kwa mshangao wa kweli. "Na kiti umeshauza, na chumba huna. Ukamwachia tu?"

"Nami napenda kunyoa."

"Hivyo tu?"

Kinyozi aliwasha mashine. Ilinguruma mkononi mwake kama siku zote.

"Hivyo tu," alisema. "Inamisha kichwa."

Karani alikaa kidogo anamtazama, kama anayesubiri sehemu nyingine ya hadithi. Kisha akainamisha.